Bamvua Kwenye Piano: Namna ya Kutunga Kipande Ambacho Mikono Miwili Inakiweza

Mtu aliyekulia Mikindani hahitaji kufundishwa kwamba bahari haiji yote kwa mara moja. Maji yanapoanza kujaa, mama anayetafuta pweza kwenye miamba bado ana nafasi ya kumalizia shimo moja au mawili, kwa kuwa katika saa ya kwanza maji hupanda kidogo sana. Lakini ikifika saa ya tatu, aliyechelewa kugeuka atafika ufukoni akiwa amelowa hadi kifuani, ndoo yake ameibeba kichwani. Kisha, na hili wageni wengi hawalioni, maji yakikaribia kufika juu kabisa hupunguza mwendo tena, husimama, na ghuba nzima hutulia kama maji ya mtungini. Mwendo huo wa taratibu, wa haraka, na wa taratibu tena hasa siku za bamvua, maji makubwa kuliko yote, ndio nitakaoutumia katika mwongozo huu kueleza namna ya kutunga kipande kifupi cha piano pekee, kinachotokana na maumbile ya kwetu, na ambacho mtu mwenye mikono ya kawaida anaweza kukipiga bila kuumia.

Sharti hilo la mwisho nimeliweka mbele kwa sababu niliwahi kulisahau. Miaka kadhaa iliyopita nilimtungia mwanafunzi wangu, binti wa kidato cha pili, kipande kuhusu mvua za Januari. Nilikitunga kwenye kompyuta, na kompyuta ilikipiga vizuri kutoka mwanzo hadi mwisho. Binti alikifanyia mazoezi wiki mbili, kisha mama yake akaja kuniona baada ya ibada akaniambia, “Mwalimu, mwanao mkono wa kushoto unamuuma hata akishika kikombe.” Nilipokipima kiganja chake nikaona kwamba kilitosha oktavu moja, yaani vibao vyeupe vinane kutoka nota moja hadi ile ya jina lilelile, kwa shida, ilhali mimi nilikuwa nimemwandikia kodi, yaani sauti kadhaa zinazopigwa pamoja, zenye upana wa oktavu na vibao viwili zaidi. Kosa lilikuwa langu lote. Tangu siku hiyo siandiki hata nota moja kabla sijajua mkono utakaoipiga.

Angalia mwendo kwanza

Piano ina tabia moja ambayo mtunzi asipoikubali mapema itamsumbua hadi mwisho. Ukibonyeza kibao, nyundo ndogo iliyovikwa sufu hugonga nyuzi na kurudi mahali pake, na tangu hapo sauti hiyo haiwezi kufanya lolote isipokuwa kufifia. Mpiga zumari huanza na sauti nyembamba akaikuza kwa pumzi mpaka ikajaza uwanja. Mpiga piano hana njia ya kuikuza sauti iliyokwisha kugongwa. Kwa hiyo anayetaka kuiga mvumo wa bahari kwa kubonyeza vibao vingi kwa nguvu huambulia kelele tu, na mikono yake huchoka kabla ya ukurasa wa pili.

Yale ambayo piano inayaweza ni mengine: kupanda na kushuka, kuharakisha na kupunguza, kuongeza sauti juu ya sauti na kuziondoa moja baada ya nyingine, kuacha nafasi tupu, na kuziacha nyuzi zivume kwa pedali. Yote hayo ni mambo ya mwendo. Nakushauri basi uende mahali ulipopachagua ukiwa na daftari, ukae angalau saa moja, na uandike vitenzi peke yake: inapanda, inarudi, inajikusanya, inasita, inatawanyika. Simu ya kurekodia iache mfukoni siku ya kwanza, kwa kuwa rekodi hukuvuta kwenye kuiga mlio, ilhali vitenzi hukupa umbo la kipande.

Mikoa yetu ya Mtwara na Lindi haina upungufu wa vitu vya kuangalia. Aliyesimama Shimo la Mungu kule Newala, pale ardhi ya uwanda wa Makonde inapokatika ghafla na bonde la Ruvuma likaonekana chini mbali, ameona tayari umbo la kipande kizima: mikono inatembea karibu karibu kwa muda mrefu, halafu inaachana, mmoja ukabaki juu na mwingine ukashuka chini kabisa. Ukungu wa asubuhi kwenye msitu wa Rondo hufaa kodi ambazo sauti moja tu inabadilika kila mara huku nyingine zikibaki. Chagua kimoja na ukae nacho. Kipande cha dakika tatu chenye bahari, ndege, mvua, ngoma na machweo hakimpi msikilizaji nafasi ya kukiona hata kimoja kati ya hivyo.

Pima mkono kabla ya karatasi

Katika piano ya kawaida, upana wa kibao cheupe ni kama milimita 23.5, hivyo kutoka katikati ya kibao kimoja hadi katikati ya kile kinachokamilisha oktavu ni takribani sentimita 16.5. Ukiongeza kibao kimoja unafika sentimita 18.8, na ukiongeza cha pili unafika kama sentimita 21. Tandaza mkono wako juu ya rula, kuanzia ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, kisha uulegeze mpaka usisikie mvuto wowote kwenye kiganja: kipimo cha mkono uliolegea ndicho cha kuandikia. Watu wazima wengi huifikia oktavu. Wachache hufika vibao kumi. Na vijana wengi wa kwaya zetu hutulia vizuri kwenye vibao sita au saba. Mimi huandika kodi za kubonyezwa pamoja zisizozidi vibao saba, na oktavu naiacha kwa mahali ambapo sauti zinapigwa moja baada ya nyingine, mkono ukigeuka badala ya kutanuka.

Upana ni sehemu tu ya habari. Kidole cha pete hakina uhuru wa vile vingine, kwa sababu kano zake zimeungana na za jirani zake; weka kiganja mezani, kunja kidole cha kati chini ya kiganja, halafu jaribu kuinua cha pete, nawe utaelewa kwa nini mtetemo wa haraka kati ya cha pete na cha mwisho huwachosha watu upesi, ilhali ule wa kidole cha shahada na cha kati ni mwepesi. Macho nayo yana mpaka: mtu anaweza kuuangalia mkono mmoja tu unaporuka mbali, kwa hiyo usiwahi kuiamuru mikono yote miwili iruke kwa wakati mmoja, mmoja kushoto na mwingine kulia. Na vidole virefu hupenda vibao vyeusi, gumba hupenda vyeupe. Chopin, mtunzi na mpiga piano wa Poland, aliwaanzisha wanafunzi wake kwa kuweka vidole juu ya E, F shapu, G shapu, A shapu na B (hizo tatu za shapu ni vibao vyeusi), kwa kuwa hapo mkono hulala kwa umbo lake wenyewe.

Jambo la tatu ni ala yenyewe. Wengi wetu huku tunatumia kibodi ya vibao 61, na kibodi hizo kwa kawaida huanzia C na kuishia C, oktavu tano, wakati piano kamili ina vibao 88. Nota utakayoiandika chini ya C hiyo ya mwanzo, mpigaji wa Masasi au Nachingwea aliye na kibodi ya kanisa ataiona kwenye karatasi lakini hatakuwa na mahali pa kuibonyeza. Mfano nitakaoutoa hapa nimeupanga ukae ndani ya vibao hivyo 61.

Hesabu ya maji

Mabaharia wana kanuni ya zamani ya kukadiria kupanda kwa maji. Kati ya kupwa na kujaa hupita saa sita na dakika kadhaa, na ukiyagawa maji yote yatakayopanda katika mafungu 12, saa ya kwanza huleta fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, na ya sita moja. Ni kadirio, lakini mtu aliyeketi Mikindani siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, wakati maji yanapopanda zaidi ya mita tatu, ataona kwa macho kwamba hayako mbali na ukweli.

Sasa hesabu vibao vyote vyeupe na vyeusi ndani ya oktavu moja: nusu toni, yaani hatua za kutoka kibao kimoja hadi jirani yake, ni 12 kamili. Hapo ndipo kipande hiki kilipozaliwa kwangu. Tunakigawa katika sehemu sita, na katika kila sehemu sauti ya juu kabisa ya mkono wa kulia inapanda kwa nusu toni kulingana na mafungu ya maji: moja, mbili, tatu, tatu, mbili, moja. Tukianzia A iliyo juu ya C ya katikati, sehemu ya kwanza inatufikisha B flati (flati ni nusu toni chini ya nota yenye jina hilo, shapu ni nusu toni juu), ya pili C, ya tatu E flati, ya nne F shapu, ya tano G shapu, na ya sita inatufikisha A ya oktavu inayofuata. Maji yamejaa, na hatukuhitaji kubahatisha hata hatua moja.

Kila sehemu ipe vipimo vinane, kipimo kikiwa ni nafasi iliyo kati ya mstari mmoja wa kusimama na mwingine, na kila kipimo kiwe na mapigo mepesi sita yaliyogawanyika makundi mawili ya matatu. Weka metronomu, kifaa cha kuhesabu mwendo, kwenye 52 kwa dakika kwa kila kundi la mapigo matatu. Vipimo 48 vya kujaa vitachukua chini kidogo ya dakika mbili.

Kanuni hiyohiyo ya mafungu nimeitumia mara mbili zaidi. Idadi ya mara ambazo mkono wa kulia unagusa vibao katika kila kipimo ni moja katika sehemu ya kwanza, mbili katika ya pili, tatu katika ya tatu na ya nne, mbili katika ya tano, na moja katika ya sita. Idadi ya sauti zinazopigwa pamoja katika kila mguso nayo ni moja, mbili, tatu, tatu, mbili, moja. Hivyo kipande kinajaa na kupungua bila mpigaji kulazimika kugonga kwa nguvu, na ule udhaifu wa piano tuliouona mwanzo, wa kutoweza kuikuza sauti, unapata dawa yake: sauti inakuzwa kwa kuongezewa wenzake.

Hapa naomba usome polepole, kwa sababu ndipo watunzi wengi wanapokosea. Urefu wa maji na kasi ya maji ni vitu viwili tofauti. Maji yanakwenda kasi zaidi yakiwa katikati, na yanapokuwa juu kabisa ndipo yanapokuwa kimya kabisa. Mazoea yetu ya kwaya hutufanya tuweke sauti kubwa kuliko zote kwenye nota ya juu kuliko zote. Ukifanya hivyo katika kipande hiki utakuwa umeandika habari ya kitu kingine, labda wimbi linalopasuka, lakini hutakuwa umeandika bamvua. Nguvu iwe kwenye sehemu ya tatu na ya nne. A ya mwisho, iliyo juu kuliko zote, ipigwe kwa sauti ndogo kuliko zote.

Mikono yenyewe

Mkono wa kushoto ndio bahari, na unarudia umbo moja la sauti sita: D, A, D, E, D, A. D ya kwanza ni ile iliyo oktavu mbili chini ya D jirani ya C ya katikati. Katika kibodi ya vibao 61 ni kibao cheupe cha pili kutoka mwisho wa kushoto. A iko juu yake, kisha D ya oktavu inayofuata, kisha E iliyo jirani nayo, halafu unarudi kwa njia uliyojia. Vidole ni 5, 2, 1, 2, 1, 2, gumba likihesabiwa kuwa 1: kidole cha shahada kinapita juu ya gumba kuifikia E, kisha kinarudi kwenye A. Usijaribu kuushikilia mkono umetanuka kutoka D hadi E. Uache kila kidole kinyanyuke kikishamaliza kazi yake, na kiwiko kifuate kulia na kushoto kama mtu anayesukuma mtumbwi kwa upondo. Ukipiga hivyo, hata mkono usiofika oktavu unaliweza umbo hili kwa mwendo tuliouweka.

Umbo hilo linabadilika mahali pachache tu. Katika sehemu ya tatu, E ya mkono wa kushoto iwe F, ili isigongane vibaya na E flati inayokuja juu; na katika sehemu ya nne, mara mkono wa kulia unapoifikia F shapu, F ya kushoto nayo iwe F shapu. Hapo, baada ya vipimo zaidi ya ishirini vya giza, D inatoka mina, yenye huzuni, na kugeuka kuwa meja, yenye mwanga. Mimi huisikia kama ile dakika ambayo jua linapenya kwenye mikoko na maji yakabadilika rangi. Sehemu ya tano na ya sita E inarudi, na ikikutana na G shapu ya juu inatoa sauti yenye kuning'inia, isiyotaka kutua mpaka A ifike.

Mkono wa kulia nauandika hivi. Sehemu ya kwanza ni A peke yake, mara moja kwa kipimo, na kipimo cha mwisho kinaigusa B flati. Sehemu ya pili ni sauti mbili, D chini ikiwa imetulia huku ya juu ikipanda kutoka B flati hadi B na kufika C. Sehemu ya tatu, F na A zinakaa, na juu yake kidole cha mwisho kinapanda C, D flati, D, E flati. Sehemu ya nne, A na C zinakaa, na juu yake E flati, E, F, F shapu. Sehemu ya tano ni A na F shapu, kisha G, kisha G shapu; ya sita ni G shapu peke yake, na mwishowe A. Ukipima utaona kwamba hakuna mahali ambapo mkono wa kulia unashika zaidi ya vibao saba vyeupe, yaani kama sentimita 14 kutoka katikati ya kibao cha chini hadi katikati ya kile cha juu, na kwamba mikono miwili haigombanii kibao chochote.

Uangalifu unahitajika pale kidole cha mwisho, ambacho ni kifupi, kinapotakiwa kubonyeza vibao vyeusi vya E flati na F shapu. Mwambie mpigaji asogeze kiganja kizima mbele kuelekea ndani ya vibao, gumba nalo lipige cheupe kati ya vyeusi. Akikinyoosha kidole peke yake, atasikia maumivu upande wa nje wa kifundo kabla ya siku kumi.

Katika sehemu ya tatu na ya nne, mkono wa kulia unagusa mara tatu wakati wa kushoto unazunguka mara mbili mapigo matatu. Ambaye hajazoea ataona ugumu kwenye karatasi, lakini aliyewahi kusimama karibu na ngoma za kwetu ana mapigo matatu juu ya mawili tayari mwilini. Mfanye apige magoti yake kwanza, kushoto mawili, kulia matatu, mpaka yakae, ndipo aende kwenye vibao.

Maji yamesimama

Baada ya vipimo 48, usiharakishe kurudi. Acha pedali ishikilie D ya chini na A ya juu, na wakati zinafifia weka mlio wa dudumizi, yule ndege wa vichakani ambaye wengine humwita tipitipi na ambaye wazee humsikiliza kutabiri mvua. Mlio wake ni wa shimoni, kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa yenye shingo nyembamba: huanzia juu na kushuka huku ukiharakisha. Sauti zake nyingi zinaangukia katikati ya vibao, mahali ambapo piano haina kitu, hivyo usihangaike kuzipata zote. Messiaen, mtunzi wa Ufaransa aliyeandika milio ya ndege kwa miaka mingi, aliipunguza kasi na kuishusha oktavu, na umbali mdogo kati ya sauti zao akautanua uweze kukaa kwenye vibao. Dudumizi hahitaji kushushwa, maana tayari anaimbia chini. Mpe mkono wa kushoto, ambao sasa uko huru, na uanze F shapu iliyo chini ya C ya katikati, ushuke E, D, C, kila sauti ikirudiwa mara mbili au tatu kwa vidole vinavyobadilishana, 3, 2, 1, bila kuhesabu vipimo. Mara moja inatosha.

Kupwa kunatumia hatua zilezile kinyume, na kwa kuwa mafungu ya maji yanasomeka sawa kutoka pande zote mbili, sauti zilezile zinarudi: A, G shapu, F shapu, E flati, C, B flati, A. Hata hivyo usikigeuze tu kipande kilichopita kama nguo. Kila sehemu ipe vipimo vinne badala ya vinane, na umwache mkono wa kushoto uvuliwe sauti zake kidogo kidogo, kwanza E iondoke, kisha D ya juu, mpaka ibaki D ya chini na A, kwa sababu maji yakipwa kinachobaki ni mchanga na miamba iliyokuwa imefunikwa. Jumla utapata kipande cha dakika tatu hivi.

Pedali ibadilishwe kila D ya chini inapogongwa, na tena kila sauti ya juu inapopanda nusu toni, vinginevyo sauti jirani zitachanganyika zikawa tope. Kwenye kibodi isiyo na pedali kipande bado kinasimama, kwa kuwa mkono wa kushoto haunyamazi. Ila A ya mwisho ya kujaa ishikiliwe kwa kidole muda wote wa dudumizi.

Ukichagua mvua au kusi

Mvua inavuta watu kwenye nota moja inayorudiwa, na ni mvuto mzuri. Dibaji ya 15 katika mfululizo wa Chopin wa opus 28, uliochapishwa mwaka 1839, inarudia sauti moja karibu kipande kizima, ikiitwa A flati kwenye meja na G shapu inapoingia mina. Jina la matone ya mvua hakulitoa yeye. Angalia kwamba marudio hayo ni ya polepole. Ukitaka ya haraka, kumbuka piano ya kusimama hairuhusu kibao kugongwa tena upesi kama ile kubwa ya kulala, ambayo tangu uvumbuzi wa Érard, mtengenezaji wa piano wa Paris, mwaka 1821 huweza kurudia nota kabla kibao hakijapanda chote. Na piano zetu za pwani, zikishapata unyevu wa Februari, mbao huvimba na vibao hupanda kwa uvivu. Gawa marudio kwa mikono miwili, au yahamishe kati ya sauti mbili za jirani.

Kusi kwenye minazi huleta mchakacho mkavu wa makuti, na wengi huuandika kama mtetemo mrefu wa mkono mmoja. Mkono huo utakauka baada ya sekunde ishirini. Ugawe pia: kushoto sauti moja, kulia sauti mbili, zikipokezana, na kila vipimo vinne mkono mmoja upewe mapumziko ya kweli, hata kama ni pumzi moja.

Jaribio na karatasi

Programu kama MuseScore ni ya bure na inaandika nota kwa usafi, nami naitumia. Lakini haina mikono, na itakupigia sauti kumi na mbili kwa pamoja bila kulalamika. Kabla ya kuichapa, piga kipande chote juu ya meza, bila sauti, ukiangalia mikono tu. Kisha kipige kwenye ala kwa nusu ya mwendo, halafu kwa mwendo kamili mara tatu mfululizo bila kupumzika, na baada ya mara ya tatu jichunguze mabega, taya na vifundo. Mahali popote palipokaza, badilisha nota. Usimwachie mpigaji kazi ya kuzoea.

Baada ya hapo mpe mtu mwingine, ikiwezekana mwenye mkono mdogo kuliko wako, na ukae nyuma yake bila kuongea. Atakapositasita mara mbili mahali palepale, weka alama. Mimi nilikuwa nimeandika sauti zote mbili za mkono wa kulia katika sehemu ya pili oktavu moja chini, nikidhani sauti itakuwa nzito zaidi, na kijana wa kwaya aliyekijaribu akakwama hapo kila mara kwa sababu gumba lake lilikuwa linagongana na kushoto. Nilizipandisha zilipo sasa siku hiyohiyo.

Andika namba za vidole kwa mkono wa kushoto katika kipimo cha kwanza, na kwa mkono wa kulia mwanzoni mwa kila sehemu. Panga kurasa ili mwisho wa ukurasa uangukie pale maji yaliposimama, mpigaji apate mkono mmoja huru wa kufungua karatasi wakati A inafifia.